Dirisha Linaloangalia Njia ya Majani

Siku majibu yalipotoka na binti yangu akapata nafasi katika shule ya masista, majirani walikuja kunipongeza. Niliwakaribisha chai, nikacheka nao, na moyoni nilikuwa nimenuna. Nilikuwa namwonea wivu mwanangu. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka, kwa sababu ukilizungukazunguka jambo hili linageuka kuwa hadithi ya mama aliyelia kwa furaha, na mimi sikulia kwa furaha. Wageni walipoondoka nilikwenda uani nikasugua masufuria ambayo yalikuwa safi tayari.

Shule yenyewe iko juu ya mwinuko, nje ya mji wa Sumbawanga. Ukija kwa barabara ya kutoka Chala unauona mnara wake wa kengele kabla hujaona nyumba za mjini. Imejengwa kwa matofali mekundu ya kuchoma, ya udongo wa huku huku kwetu, na paa lake la vigae limeota kuvu upande mmoja, jambo ambalo kwingine lingeitwa uchakavu lakini pale limekuwa urembo. Katikati kuna ua wa mraba wenye ukoka, na kuuzunguka ua huo kuna varanda ndefu yenye matao, tao baada ya tao. Msichana anaweza kutoka darasani akaenda bwaloni, akatoka bwaloni akaingia kanisani, mvua ya Ufipa inyeshe itakavyo, na asilowe hata kola. Nje kuna mistari ya misonobari, kuna waridi, kuna ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya wasichana wa miaka mingi. Nayajua yote hayo kwa sababu nimezaliwa kijiji kilicho chini ya mwinuko huo, na nimekua nikiyatazama kwa nje.

Mama yangu, kama wanawake wengi wa kijijini, alikuwa na ruhusa ya kuchukua majani yaliyofyekwa shuleni. Mgeni anaweza kudhani tulikuwa na ng'ombe. Hatukuwa nao. Kwetu Ufipa majani ni chakula cha shamba. Msimu wa mvua unayalaza kwa duara, unayafunika kwa udongo uliopinduliwa kwa jembe, unapata tuta la mviringo linalooza ndani kwa ndani, na juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unalitawanya tuta, unapanda ulezi au mahindi. Shamba letu lilikuwa limechoka na majani yake yalikuwa magumu, lakini majani ya shule yalikuwa mororo, yanaoza upesi. Basi kila Jumamosi ya masika, wasichana wakishamaliza kufyeka, tulipanda na kamba zetu, tukafunga mizigo, tukashuka nayo kichwani kwa njia inayopita chini kabisa ya ukuta wa bweni. Mpaka leo inaitwa njia ya majani. Nimekula maharage yaliyolishwa na nyasi za shule ile tangu meno hayajakamilika, na bado haikunitosha.

Nilipomaliza darasa la saba niliitwa kufanya usaili pale. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita chini ya matao. Walituketisha ukumbini. Dari lilikuwa la mbao zilizopangwa kwa mshazari, zikikutana katikati, na madirisha yalikuwa na vioo vya rangi. Jua lilipotoka mawinguni, sakafu karibu na dawati langu ikawa bluu na nyekundu. Niliweka mguu kwenye bluu. Nikauhamishia kwenye nyekundu. Nikatazama tena juu kuona zile mbao zinashikwa na nini. Sista aliyetusimamia aliposema muda unakaribia kwisha, karatasi yangu ilikuwa haijafika nusu. Sikufaulu. Watu huangushwa na hesabu, wengine na malaria. Mimi niliangushwa na dari.

Mdogo wangu alifanya usaili huo huo baadaye, katika ukumbi ule ule, akafaulu vizuri sana. Alipotoka nilimuuliza kama aliviona vile vioo.

"Vioo gani, dada?" akaniuliza.

Huyo ndiye aliyepewa matao. Mimi nilikwenda shule ya kata, ambayo mawe ya msingi wake tuliyasomba wenyewe. Chini vumbi, madirisha wazi, na upepo wa Ufipa unajua kutafuta mtu aliyekosa sweta. Walimu wetu walikuwa watu wazuri na nilifaulu kiasi cha kunitosha. Malalamiko yangu ni kuta tu. Na miaka yote minne ambayo mdogo wangu alisoma kule juu, niliendelea kubeba majani na mama, na kila nilipopita chini ya bweni niliikaza shingo nikaangalia mbele. Sikuinua macho hata mara moja. Nilijua yuko pale juu, na nilitaka ajue kwamba sitazami. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki miaka minne na wala sikukonda.

Sasa mdogo wangu anaishi Chala, ana kazi ya ofisini, na mimi nauza maharage na ulezi sokoni Sumbawanga. Tunapendana kama ndugu wanavyopendana, yaani kwa simu. Binti yangu anampenda zaidi, na siku tunaandaa tranka alisema neno lililonichoma.

"Mama, naomba mama mdogo ndiye anipeleke. Yeye anapajua."

"Na mimi je, sipajui?"

"Unapajua kwa nje," akasema, huku akikunja shuka. Hakuwa na ubaya wowote. Nikashika ncha ya pili ya shuka.

Nilimpeleka mwenyewe. Nilivaa kitenge changu kizuri, tukachukua bodaboda mbili, moja ya mtoto na ndoo, nyingine yangu na tranka, na fyekeo jipya limefungwa gazeti. Mama yangu alipanda kutoka kijijini akatukuta getini. Akapiga goti, akapiga makofi polepole kumsalimu sista kama tunavyosalimu watu wa heshima, na sista naye, ambaye ni wa huku huku, akainama akamjibu kwa Kifipa. Binti yangu alikuwa anatafuta kivuli cha kuweka ndoo. Hakutazama tao hata moja. Mimi nilikuwa nimesimama kinywa wazi kama ndiye mwanafunzi mpya, mpaka sista akaniambia kwa upole kwamba wazazi wanaishia mapokezi.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa hovyo. Mvua ikianza kupiga mabati ya soko, wenzangu wakihangaika kufunika magunia, mimi nilikuwa nawaza kwamba sasa hivi kuna mtu anatembea kwenye varanda ndefu, mikono mfukoni, hana haraka. Nilimpunja mteja bila kukusudia, nikarudishiwa maneno mazito. Jirani yangu wa meza, mwanamke anayeuza dagaa na migebuka kutoka Wampembe, aliniuliza kama nimempeleka mtoto shule au nimempeleka kaburini.

"Amepata shule nzuri," nilimwambia.

"Basi cheka."

"Nacheka," nikasema. Akanitazama, akarudi kwenye samaki wake.

Siku ya wazazi kutembelea ilikuwa Jumamosi. Nilipika maharage ya mama, nikakaanga mgebuka mkubwa, nikabeba na blanketi la pili kwa sababu kule juu ni baridi. Wazazi walikuwa wametandika vitenge kwenye ukoka, chini ya misonobari, na watoto wanakula kama hawajawahi kuona chakula. Wangu aligusa samaki kwa kidole. Kisha akaanza kulia, kile kilio cha kimya ambacho mabega ndiyo yanayosema.

"Mama, nirudishe nyumbani."

"Umepigwa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka tu nyumbani. Nitasoma shule ya kata, kama wewe."

Niliona raha. Sina namna nyingine ya kuisema. Mtoto analia mbele yangu na mimi raha inanipanda kutoka tumboni. Matao yote yale, mnara, ngazi za mawe, na mwanangu anayakataa, anataka nyumba yangu yenye mlango unaokwama. Nilimtazama mama mmoja pembeni akimpiga picha binti yake kwenye waridi, nikamwonea huruma. Moyoni nilikuwa nimeshapanga kila kitu: bodaboda, sare ya shule ya kata, maneno nitakayomwambia mdogo wangu kwa simu, na sauti nitakayoyasemea, sauti ya masikitiko.

"Usilie," nilimwambia. "Twende tukafunge tranka."

Matroni alituruhusu kuingia bwenini kwa sababu nilimwambia naleta blanketi. La tranka nilinyamaza. Nikapanda ngazi za mbao nyuma ya mwanangu, nikashika mkono wa ngazi uliolainika kwa kushikwa, na nikaingia mahali nilipokuwa nikipatazama kwa nje maisha yangu yote. Bweni ni refu. Sakafu nyekundu, imesuguliwa mpaka inaonyesha miguu ya vitanda. Dari ni lile lile la ukumbini, mbao za mshazari zikikutana juu. Madirisha yamezama kwenye kuta nene, hivi kwamba mtu anaweza kukaa humo na kitabu. Hakukuwa na mtu. Kitanda cha mwanangu kilikuwa cha mwisho, chini ya dirisha.

"Wamekupa mahali pazuri," nilisema, na sauti yangu ilikuwa na uchungu.

"Hapa ndiyo pabaya, mama. Upepo wote unapita hapa. Kidato cha kwanza ndio wanalazwa madirishani, wakubwa wanalala upande wa ndani."

Akapiga magoti kuvuta tranka. Mimi nikavua viatu, nikalala kwenye kitanda chake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza kidogo."

Nililala chali nikalitazama dari. Safari hii hakuna aliyekuwa amenishikisha karatasi. Nilifuata ubao mmoja kutoka ukutani mpaka katikati, nikaona mahali ulipopigwa pini ya mti badala ya msumari, na nikapata jibu la swali lililonigharimu usaili. Nikaridhika kidogo. Kisha nikageukia dirishani.

Nilitegemea kuona misonobari, au milima. Dirisha lile linaangalia njia ya majani. Yote. Unaiona inavyotoka kwenye rundo la majani nyuma ya jiko, inavyopita kwenye kijigeti cha ukuta, inavyopinda chini ya bweni, inavyoshuka mpaka mapaa ya kijijini kwetu na yale matuta ya mviringo yaliyojipanga mashambani. Wanawake walikuwa wanashuka na mizigo. Wa mwisho alikuwa mama yangu, ambaye alisema atakuja kumsalimu mjukuu akishatua mzigo wake.

"Kila Jumamosi namuona bibi," mwanangu alisema. Alikuwa ameacha tranka, amesimama nyuma yangu. "Nagonga kioo lakini hasikii. Nikimuona ndiyo nalia. Natamani na mimi ningekuwa nyuma yake na kamzigo kangu."

Niligusa kioo kwa kidole. Nilikuwa nafikiri.

"Kidato cha kwanza wanalala hapa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu zamani. Hata mama mdogo alilala upande huu, aliniambia."

"Alikuambia nini kingine?"

Akasita. Ana huruma, huyu mtoto. Kaitoa kwa baba yake.

"Alisema alikuwa anakuona ukipita na bibi. Alikuwa anagonga kioo mpaka wenzake wanamcheka. Anasema wewe hukuwahi kuangalia juu."

Mama alifika kwenye kona, akapotea. Kwenye njia hakukubaki mtu, na mimi niliendelea kuitazama. Nilimwona msichana mmoja akishuka, mrefu, kitambaa kichwani, mzigo mkubwa kuliko alioombwa kubeba, shingo imekazwa kwa makusudi. Nilimjua vizuri mno. Kama mwanangu ningemtoa siku ile, maharage yangeendelea kuhitaji majani, na siku moja angeshuka njia ile na mzigo wake, na juu kungekuwa na mwenzake wa darasa la saba, na yeye angeangalia mbele. Msichana yule nilikuwa nimeishi naye muda wote huu. Sikutaka kumzaa tena.

Nikaketi, nikavaa viatu. Raha yangu ilikuwa imeondoka, na sitasema iliondoka kwa hiari.

"Rudisha tranka chini ya kitanda," nikasema.

"Mama, umesema—"

"Nimesema. Sasa nasema hivi: Jumamosi ijayo nitapita hapo chini na bibi yako, na nitaangalia juu. Kaa mpaka Jumamosi."

"Na Jumamosi nyingine?"

"Hiyo tutaizungumza ikifika."

Alilia tena, na safari hii nililia naye, yeye kwa sababu anabaki, mimi kwa sababu sibaki. Sidhani alijua kwamba vilio vyetu vilikuwa viwili tofauti.

Jumamosi ndiyo siku ya soko. Nilimwachia jirani yangu wa samaki meza yangu, naye akasema siku hizi nimekuwa tajiri, sifungui siku ya wateja. Nikapanda na mama, kamba begani. Sikuwa nimebeba majani tangu niolewe. Mzigo uliponikalia kichwani niliyumba kama ndama, na mama akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mjini kumekulegeza shingo," akasema.

Tulipofika chini ya bweni niliangalia juu. Si rahisi kuangalia juu ukiwa na mzigo. Unageuza macho peke yake, au unarudi hatua unapinda mgongo nyuma, na majani yanakumwagikia usoni. Nilirudi hatua. Alikuwepo. Viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo, na uso katikati. Mikono yangu ilikuwa imeshika mzigo, siwezi kupunga, kwa hiyo nilikunja goti kidogo, kama unavyomsalimu mkubwa. Nikamwona anacheka na kulia pamoja.

"Unamsalimu mtoto kwa goti?" mama aliuliza.

"Ndicho nilichonacho."

Tukafanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Niliangalia juu, alikuwepo. Nilikunja goti, aligonga kioo. Hakuuliza tena habari ya nyumbani, nami sikumkumbusha. Shingo yangu ilirudi kuwa ya zamani. Sokoni nilikuwa napima maharage bila kumpunja mtu, na mvua ikinyesha sikuwaza sana varanda. Nilidhani nimepona. Nilifika hata mahali pa kumpigia mdogo wangu simu na kumuuliza kama kweli alikuwa akigonga. Akasema, "Nilikuwa nagonga, dada. Nilikuwa nasema, dada anakwenda kula maharage ya nyumbani, mimi nimebaki na haya ya bwaloni yenye fukusi." Kisha tukazungumza habari za bei ya ulezi, kwa kuwa zilikuwa rahisi zaidi.

Mvua zilipoanza kukatika, majani ya mwisho yakafyekwa. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu tu. Mama alitangulia kufunga mzigo wake, akanisubiri, tukashuka. Kwenye kile kijigeti cha ukuta mlango ulikuwa umeachwa wazi, na kupitia hapo, ukigeuka nyuma, unaona ua, na varanda ya upande wa pili, na matao yake manne au matano. Nikasikia kicheko. Kicheko cha mtoto wako hukikosei hata sokoni.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe, chini ya tao, katikati ya wasichana wawili. Mmoja alikuwa anasimulia kitu kwa mikono, na wangu alikuwa anacheka mpaka anashikilia nguzo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kwenye ukoka mbele yao na hakuna tone lililomgusa. Alikaa pale kama mtu aliyezaliwa pale. Yule wa pili akamfuta kitu shavuni, na yeye akamwacha amfute, bila hata kugeuka. Ilikuwa saa yetu ya kupita, naye alikuwa amesahau.

Nilisimama na majani kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, nikawatazama. Matao hayakuniuma hata kidogo. Niliwaonea wivu wale wasichana wawili, wivu mpya kabisa, mkali kuliko ule wa zamani, na sikuwa na mtu wa kumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia akae.

"Mtoto yupo?" mama aliuliza nyuma yangu.

"Yupo. Hayupo dirishani."

"Mungu ashukuriwe. Tembea basi, mzigo haubebwi umesimama."

Nikatembea. Tulipofika chini ya dirisha lake nilirudi hatua, majani yakanimwagikia usoni, nikaangalia juu hata hivyo, kama nilivyoahidi.